Namna ya Kurekebisha Mlango wa Gari Unaogoma Kufungika

Mlango wa gari ulio mzima hufungika kwa kusukumwa kwa mkono mmoja bila kutumia nguvu nyingi, na sauti yake huwa nzito na fupi. Ukiona unaubamiza mara mbili au tatu kabla haujashika, au abiria wa nyuma anaombwa kila safari arudie kufunga, basi kuna kitu kimehama, kimechakaa au kimekauka, na kitu hicho hakitapona kwa kubamizwa. Kila pigo huongeza ulegevu wa bawaba, huumiza kitasa na kutikisa mitambo ya kioo iliyo ndani ya mlango, na hatimaye kazi ambayo ingemalizwa kwa kitambaa na grisi hugeuka kuwa kazi ya fundi bodi. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kutafuta chanzo kabla ya kushika spana, kisha jinsi ya kukirekebisha.

Jinsi mlango unavyojifunga

Upande mmoja mlango huning'inia kwa bawaba mbili, ya juu na ya chini. Katikati ya bawaba hizo huwa kuna kizuizi, yaani kipande cha chuma kinachouzuia mlango usifunguke kupita kiasi na kinachoushikilia ubaki wazi unapoegesha mahali penye mteremko. Upande wa pili, kwenye ukingo wa mlango, kuna kitasa ambacho mdomoni mwake mna ulimi wa chuma wenye umbo la uma. Mkabala na kitasa, kwenye nguzo ya bodi, kumefungwa chuma chenye umbo la herufi U, au pini nene yenye kichwa katika magari mengi ya zamani. Hapa tutakiita chuma cha kupokea. Mlango unapokuja, chuma hicho huingia mdomoni mwa kitasa na kuusukuma ulimi, ulimi huzunguka na kukikumbatia, na kipande kingine kidogo chenye springi huuzuia usirudi nyuma hadi mtu avute kishikio.

Ulimi huo hushika kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza huuzuia mlango usifunguke hata kama haujafika mwisho, na hatua ya pili ndiyo kufungwa kamili. Mpango huu haukuachwa kwa hiari ya watengenezaji: kanuni ya kwanza kabisa ya kimataifa ya ufundi wa magari iliyosajiliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2004 ilihusu vitasa vya milango na bawaba zake, na inataka mlango wa pembeni wenye bawaba uwe na hatua zote mbili. Hatua ya kwanza ni akiba ya dharura tu, kwa kuwa uwezo wake wa kuhimili mvuto wakati wa ajali ni mdogo sana ukilinganishwa na ule wa hatua ya pili. Kwa sababu hiyo, mlango unaoonekana umefungwa lakini umejitokeza nje kidogo na unacheza ukiusukuma si mlango wa kusafiria, na kuufunga kwa kamba ili ufike uendako ni kumhatarisha anayekaa karibu nao.

Sikiliza mlango unapogomea wapi

Watu wengi, na mafundi wasio wavumilivu pia, hukimbilia kulegeza chuma cha kupokea kwa sababu kinaonekana na bolti zake ni mbili tu. Hiyo ni njia ya mkato inayoleta hasara. Chuma hicho hufuata mlango ulipo, na mlango hufuata bawaba. Ukikihamisha ili kiufuate mlango uliolala, yaani ulioshuka chini ya mahali pake, mlango utafungika leo, lakini utaendelea kulala, na baada ya muda utalazimika kukihamisha tena hadi nafasi ya kukihamishia iishe.

Kabla ya kugusa bolti yoyote, funga mlango polepole sana mara kadhaa na usikilize ni wapi mkono wako unapokutana na ukinzani. Ukinzani ukianza mapema, mlango ukiwa bado wazi nusu au robo, tatizo liko kwenye bawaba au kwenye kizuizi. Ukija sentimita chache za mwisho, ukawa laini na wenye kurudisha mkono, chunguza raba na hewa iliyonaswa ndani ya gari. Ukiwa mkavu na mgumu, wa chuma kugonga chuma mwishoni kabisa, basi kitasa na chuma cha kupokea havikutani sawasawa, au kitasa chenyewe hakifanyi kazi. Kutofautisha hali hizi tatu ni nusu ya matengenezo yote.

Kisha kaa nyuma ya mlango, macho yako yawe sawa na kitasa, na utazame ukingo wake wakati mtu mwingine anaufunga taratibu. Ukingo ukipanda pale kitasa kinapokamata, mlango umelala chini ya mahali pake na chuma cha kupokea kinaubeba. Ukishuka, chuma hicho kiko chini mno. Tazama pia uwazi kati ya mlango na bodi pande zote. Uwazi huo unapaswa kuwa na upana unaolingana kutoka juu hadi chini, na ukiwa mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake, mlango umepinda au umeteleza. Upande wa pili wa gari lako ni kipimo kizuri, kwa sababu mlango mwenzake ambao haujaharibika unakuonyesha jinsi mambo yanavyotakiwa kuwa.

Mambo madogo yanayopaswa kuondolewa kwanza

Anza kwa kuangalia vitu vilivyonaswa. Mkanda wa usalama usiorudi vizuri huacha ulimi wake kizingitini na ndio unaozuia milango mingi kuliko watu wanavyodhani, na pia huacha kidonda kwenye rangi na kwenye raba. Zulia lililokunjamana, kipande cha plastiki cha kizingiti kilichobanduka, kokoto iliyoingia kwenye uwazi wa bawaba, au ukingo wa kitambaa cha kiti vyote huweza kuuzuia mlango usifike. Pitisha mkono kuzunguka fremu yote, chini hasa, ambako macho hayafiki.

Jaribu pia kufunga mlango huo huku kioo cha mlango mwingine kikiwa kimeshushwa. Ukifungika kwa wepesi kuliko vioo vikiwa vimepandishwa, hewa ndiyo inayoukinza. Gari lililofungwa vizuri halipumui isipokuwa kupitia matundu maalumu yenye vifuniko vyepesi vya mpira, ambayo kwa kawaida huwa kwenye pembe za nyuma za bodi, yakiwa yamefichwa na bampa au na kitambaa cha ndani ya buti. Mizigo iliyosukumwa hadi kwenye kuta za buti, zulia lililotandikwa vibaya, matope yaliyoganda au ukarabati wa bodi uliopaka rangi juu ya vifuniko hivyo huiziba njia hiyo. Ondoa kinachoziba, hakikisha vifuniko vinafunguka kwa kidole na kurudi vyenyewe, na mlango utatulia bila kuguswa.

Kitasa kikavu, kichafu au kilichojifunga chenyewe

Mlango unaogonga na kurudi kabisa, bila kushika hata hatua ya kwanza, mara nyingi una kitasa ambacho ulimi wake tayari umezunguka na kujifunga mlango ukiwa wazi. Hutokea mtoto anapouchezea, au kitu kinapougonga. Tazama mdomoni mwa kitasa: ukiona uma umefumba badala ya kuwa wazi kuelekea upande chuma cha kupokea kinakotokea, vuta kishikio cha nje na uuachie urudi mahali pake. Usijaribu kuulazimisha mlango ufunge katika hali hiyo, kwa sababu utaharibu kitasa na chuma cha kupokea kwa pigo moja.

Kwa uchunguzi zaidi, uzungushe ulimi wewe mwenyewe kwa bisibisi mlango ukiwa wazi. Unapaswa kusikia mlio wa kwanza, kisha wa pili, na ulimi ukae imara bila kurudi. Vuta kishikio cha nje uuachie, uuzungushe tena, kisha vuta cha ndani uuachie kwa hicho. Kabla ya kuufunga mlango hakikisha kwa macho kwamba ulimi uko wazi. Ulimi ukizunguka kwa uzito, ukishika hatua moja tu, au ukirudi kivivu baada ya kuachiwa, kitasa kina uchafu na grisi kuukuu iliyogeuka gundi.

Kukisafisha ni kazi rahisi inayofanywa kwa haraka mno na watu wengi. Weka kitambaa chini ya kitasa ili uchafu usitiririke kwenye rangi na kwenye viti. Pulizia dawa ya kusafisha na kulegeza kutu ndani ya mdomo wa kitasa, uusugue kwa mswaki mkuukuu, uuzungushe ulimi na kuuachia mara nyingi ili dawa ifike ndani, kisha ufute na urudie hadi kinachotoka kiwe safi. Acha kikauke. Baada ya hapo ndipo upake grisi, na inayofaa zaidi ni grisi nyeupe ya lithiamu, kwa kuwa inabaki mahali ilipopakwa. Dawa nyepesi za kupulizia kama WD-40, ambayo asili yake ni kufukuza maji, husaidia kusafisha lakini haziachi ulainisho wa kudumu kwenye chuma kinachosuguana. Paka grisi kidogo pia kwenye chuma cha kupokea, ufute iliyozidi kwa kuwa ndiyo itakayochafua nguo za abiria. Tundu la ufunguo lisipakwe grisi. Linahitaji unga wa grafiti au kilainisho kikavu, kwa sababu grisi hukusanya vumbi kwenye pini zake ndogo.

Ikiwa kitasa ni safi na bado hakishiki, chunguza vishikio. Kishikio cha nje kilichokwama nusu, kisichorudi hadi mwisho, huacha kitasa kikiwa kimeachiwa, na ulimi hauwezi kushika hata mlango ukisukumwa mara mia. Vivyo hivyo fimbo au kebo inayounganisha kishikio na kitasa, ikiwa imevutwa mno baada ya mtu kubadilisha kishikio au kufungua paneli ya ndani, hukizuia kitasa kushika. Ukilazimika kuifungua paneli ya ndani, zima gari na utoe waya hasi wa betri kwanza, ukifuata kitabu cha gari kuhusu muda wa kusubiri, kwa kuwa milango ya magari mengi ya sasa ina nyaya za mfuko wa hewa au kihisi chake. Karatasi ya plastiki iliyobandikwa nyuma ya paneli irudishwe bila matundu: huzuia maji, na katika magari yanayopima mshtuko kwa shinikizo la hewa ndani ya mlango, huchangia kihisi kifanye kazi sawasawa. Kitasa ambacho springi yake imekatika au ulimi wake umelika hakitengenezwi kwa waya wala kwa kuchomelea, hubadilishwa.

Raba

Raba huleta matatizo ya aina mbili yanayopingana. Raba kuukuu hukauka, ikawa ngumu, ikajikunja au ikabanduka kwenye mfereji wake, kisha ikashikwa kati ya mlango na bodi. Raba mpya, kinyume chake, huwa imejaa na kuukinza mlango kwa mzunguko mzima, na mlango uliokuwa mwepesi jana huwa mzito leo baada ya kubadilishwa raba.

Kwa raba kuukuu, fuata mzunguko wote kwa vidole ukitafuta sehemu iliyonyanyuka au iliyobanwa na kuacha alama inayong'aa, uirudishe kwenye mfereji wake, uisafishe kwa maji ya sabuni isiyo kali, ikauke, kisha uipake kilainisho cha silikoni kwa kitambaa. Usipake grisi ya kawaida wala oili ya injini, kwa sababu mpira unaotumika kwenye raba za milango huvimba na kulegea unapokutana na mafuta ya petroli na jamii yake, na raba iliyovimba ni kizuizi kipya ulichokinunua mwenyewe.

Ili kujua raba inabana wapi kuliko inavyotakiwa, chukua kipande cha karatasi, kiweke juu yake, funga mlango, kisha kivute. Rudia jaribio hilo mahali pengi kuzunguka fremu. Karatasi ikivutika kwa ukinzani wa wastani, mahali hapo pana afya. Ikitoka bila ukinzani, maji na upepo vitaingia hapo. Na ikigoma hata kusogea, hapo ndipo mlango unapopambana. Ikiwa inabana sawasawa kote na raba ni mpya, usirekebishe kitu chochote kwa sasa. Hakikisha tu ni raba ya gari hilohilo na kwamba kiungo chake kimewekwa pale kilipokuwa cha zamani, kisha uache milango ikiwa imefungwa usiku na mchana kwa siku kadhaa, ikiwezekana juani, ili raba ishike umbo la uwazi wake. Wanaohamisha chuma cha kupokea kwa ajili ya raba mpya hulazimika kukirudisha raba inapolala, kwa kuwa mlango huanza kupiga kelele barabarani.

Bawaba zilizolika na mlango uliolala

Fungua mlango nusu, ushike mwisho wake kwa mikono miwili, kisha uunyanyue na kuushusha kwa upole. Mlango mzima haupandi bila gari lenyewe kutikisika. Ukipanda na kushuka huku ukisikia mgongano bawabani, pini au bushi zake zimelika. Mwambie mwenzako aweke kidole kwenye kila bawaba unapounyanyua ili mjue ni ipi iliyochakaa, kwa sababu mara nyingi ni ya juu, nayo ndiyo inayovutwa nje na uzito wote wa mlango. Milango mirefu ya magari ya milango miwili huchakaa mapema kwa sababu uzito wake uko mbali na bawaba, na mlango wa dereva huwatangulia wenzake kwa kuwa ndio unaofunguliwa zaidi na kuegemewa mtu anapoinuka.

Ikiwa ulegevu haupo na bawaba zinalia tu au zimekuwa nzito, pulizia dawa ya kulegeza kutu kwenye pini, ufungue na kufunga mlango mara kadhaa, ufute kutu inayotoka, kisha utie oili nzito au grisi ya kupulizia inayoingia kwenye maungio. Kizuizi cha mlango nacho kipakwe grisi kwenye fimbo yake. Kizuizi kilichokatika au kilichong'oka kwenye nguzo hutoa mlio mkali mlango unapopita mahali fulani, na huacha mlango ufunguke hadi ukunje madigadi, kwa hiyo usiache kukibadilisha eti kwa sababu mlango sasa unafungika.

Kubadilisha pini na bushi kunawezekana kwa mtu makini, lakini si kazi ya kufanywa peke yako. Mlango ni mzito kuliko unavyoonekana, na ukidondoka utaivuta mitambo ya nyaya na kukwaruza rangi. Uweke juu ya jeki iliyofunikwa ubao na kitambaa, mwenzako aushikilie usipinduke, na uhakikishe nyaya zinazoingia mlangoni hazivutwi. Fanya bawaba moja baada ya nyingine, ili ile iliyobaki itunze mahali pa mlango. Pini hutolewa kwa kupigwa kwa nyundo na fimbo ya chuma baada ya kuondoa klipu yake, bushi za zamani hutolewa, mpya huingizwa kwa kugongwa taratibu zikiwa zimenyooka, na pini mpya hurudishwa ikiwa na grisi. Katika magari ambayo kizuizi chake kinatumia springi nzito iliyobanwa bawabani, usiiguse springi hiyo bila kifaa chake cha kuibana, na uvae miwani ya kinga, kwa kuwa ikiruka inaweza kumpofusha mtu. Baadhi ya bawaba hazifunguliki kabisa; hizo hubadilishwa nzima, na zile zilizochomelewa kwenye bodi ni kazi ya fundi bodi.

Ikiwa pini ni nzima lakini mlango umesogea kwa sababu bolti za bawaba zimelegea, chora mstari kwa kalamu kuzunguka sahani za bawaba kabla ya kulegeza chochote, ili uweze kurudi mwanzo ukikosea. Legeza bolti kiasi cha mlango kuweza kusogezwa kwa shida, uunyanyue kwa jeki kwa milimita moja au mbili, ukaze, kisha utazame. Ukingo wa kitasa huinuka pale sehemu ya juu ya mlango inaposogea kuelekea upande wa bawaba, au sehemu ya chini inaposogea kuelekea upande wa kitasa. Katika kipindi hiki chote mlango ufungwe taratibu kwa kuushika kwa mkono, na usiuache ukutane na chuma cha kupokea kwa kishindo, kwa sababu utadhani umekosea kumbe ni chuma hicho kinachoupotosha. Mafundi wengine huweka gongo la mbao kwenye bawaba na kuusukuma mlango ili kuipinda bawaba mahali pake. Kwa mikono yenye uzoefu njia hiyo hufanya kazi. Kwa mikono mingine huipinda nguzo, na nguzo iliyopinda hainyooshwi nyumbani.

Chuma cha kupokea

Baada ya bawaba kuwa imara na mlango kukaa sawa na bodi, ndipo chuma cha kupokea hushughulikiwa. Paka chaki juu yake, funga mlango mara moja, ufungue na usome alama. Kitasa kinapaswa kukikamata katikati ya mdomo wake. Alama zikionyesha kinasugua juu au chini, ndiko kulikokosewa. Zungusha kalamu kuzunguka sahani yake, au bandika utepe wa karatasi kwenye kingo zake, ili uone umekisogeza kiasi gani.

Bolti zake hufungwa kwa nguvu nyingi na mara nyingi huwa na gundi ya kuzuia kulegea, kwa hiyo tumia biti inayokaa barabara, iwe ya nyota au ya msalaba, isukumwe ndani kabisa, na uigeuze kwa mkono mrefu bila kuyumba. Kichwa kikilika, kazi ya dakika kumi huwa ya nusu siku. Legeza bolti kidogo tu, kiasi cha chuma kuweza kusogea kikigongwa kwa upole kwa nyundo ya mpira, na usizitoe zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa katika baadhi ya magari sahani ya nati iliyo nyuma yake hudondoka ndani ya nguzo.

Sogeza kwa milimita moja, au pungufu, kaza, jaribu. Kikisogezwa kuelekea nje, mlango hufungika kwa wepesi zaidi, kwa kuwa raba haibanwi sana. Kikisogezwa ndani, mlango hukaza raba na kuzuia upepo, lakini unahitaji nguvu zaidi. Mlango uliokaa vizuri hulingana na uso wa bodi iliyo nyuma yake. Ukiwa umejitokeza nje utasikia upepo ukivuma barabarani, na ukiwa umezama ndani utakuwa umeubana bila sababu. Badilisha upande mmoja kwa wakati mmoja: ukirekebisha urefu na kina kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichosaidia. Ukimaliza, kaza kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari ukitumia spana ya kupima mkazo, na utie gundi ya kuzuia kulegea pale iliyokuwapo awali ilipoharibika. Chuma kilicholika hadi kuwa na mfereji kibadilishwe; kukisogeza ni kuhamisha mfereji tu.

Milango isiyo ya kawaida

Magari ambayo vioo vyake havina fremu hushusha kioo kwa milimita chache kila mlango unapofunguliwa na kukipandisha tena ukishafungwa. Betri ikiwa imedhoofika, au ikiwa imetolewa na kioo hakikufundishwa upya mahali pake pa juu, kioo hubaki juu na kugonga raba, na mlango hugoma ingawa kitasa hakina kasoro. Fuata kitabu cha gari kukifundisha kioo upya. Mara nyingi hufanyika kwa kukishusha hadi chini, kukipandisha hadi juu na kuendelea kushika swichi kwa sekunde kadhaa.

Milango ya kuteleza huning'inia kwenye reli na magurudumu madogo, na adui wake mkubwa ni mchanga. Safisha reli zote, ya juu, ya katikati na ya chini, kwa brashi na kitambaa, tazama kama magurudumu yanazunguka au yanaburuzwa, na ubadilishe yaliyolika upande mmoja. Reli zenyewe zisijazwe grisi, kwa sababu grisi hukamata mchanga na kuugeuza sandpepa. Kilainisho kikavu kinatosha. Mlango wa umeme usisukumwe kwa nguvu ukiwa umesimama njiani, kwa kuwa utaharibu mota au kebo yake. Izime swichi yake kuu kwanza, kisha uutelezeshe kwa mkono na uhisi unapokwama. Mlango wa buti nao una vipande vya mpira vinavyozungushwa kama skrubu kwenye pembe zake. Vikiwa vimetokeza mno, huuzuia usifike kwenye kitasa, na kuviingiza ndani mizunguko michache huumaliza ubishi huo.

Kwenye maeneo ya baridi kali, maji yaliyoingia kwenye kitasa huganda na ulimi hukwama. Tumia dawa ya kuyeyusha barafu, si maji ya moto, ambayo hupasua kioo na kuganda tena yakishapoa. Kitasa kilichosafishwa na kupakwa grisi kabla ya msimu wa baridi hukwama mara chache sana.

Kukagua kazi

Funga mlango ukiwa nje kwa kuusukuma kwa vidole, kisha ukiwa ndani kwa kuuvuta. Sikiliza milio miwili, halafu sukuma mlango ukiwa ndani bila kuvuta kishikio: usicheze. Jaribu vishikio vyote viwili, loki ya watoto, loki ya kati na ufunguo. Angalia taa ya mlango kwenye dashibodi, lakini usiitegemee peke yake, kwa kuwa swichi yake katika magari mengi iko ndani ya kitasa na inaweza kuzimika mlango ukiwa haujashika hatua ya pili. Mwaga maji taratibu juu ya paa na kwenye kingo, kisha tafuta unyevu ndani. Endesha gari kwenye barabara mbaya ukisikiliza mgongano, na kwenye barabara nzuri kwa mwendo ukisikiliza upepo. Baada ya wiki moja rudia kukagua mkazo wa bolti zote ulizogusa.

Ikiwa gari liligongwa ubavuni, au uwazi wa mlango haulingani hata bawaba zikiwa mpya, au milango miwili ya upande mmoja imeanza kugoma kwa pamoja, acha kurekebisha na umpelekee fundi bodi mwenye mashine ya kupimia fremu. Nguzo iliyosogea haionekani kwa macho, na kila marekebisho ya mlango yatakuwa yanaficha hali ya bodi ambayo inapaswa kupimwa kabla gari halijarudi barabarani.